Panya hasemi, sasa wanajuaje kama anaona maruweruwe?

MUULIZE MFAMASIA, Tanga

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba dawa za kuona maruweruwe kama LSD zinapimwa kwa panya wanaobonyeza vibao, nikaishia hapo maana nafasi ilikwisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika, mpaka za watu ambao kawaida huwa wananiuliza dawa ya minyoo na bei yake basi. Zinazofanana nimeziunganisha, ndefu nimezikata, na yule aliyeandika kurasa nzima nzima kuhusu majini anisamehe, hilo akaulize kwa shehe.

*Shikamoo babu. Mi nasoma famasia mwaka wa pili, nyumbani Chumbageni. Sasa babu, panya hasemi. Hawezi kukwambia naona rangi zinacheza au ukuta unapumua. Wanajuaje? Au ndo wanamkodolea macho tu mpaka afanye kituko?*

Marahaba mwanangu. Jibu la haraka: hawajui anaona nini, na wala hawamuulizi hilo. Wanamuuliza kitu kingine kidogo zaidi ila kinajibika, yaani "unavyojisikia sasa hivi ni kama siku ile tulipokuchoma LSD, au siyo?" Hapo ndo penye ufundi wote.

Iko hivi. Unamchukua panya wa maabara, unampunguzia chakula ili awe na njaa ya kutosha kufanya kazi, unamwingiza kwenye kizimba chenye vibao viwili vya kubonyeza na katikati kitundu cha kudondoshea punje ya chakula. Leo unamchoma LSD, unangoja labda dakika 15 au 30 hivi, unamwingiza, na leo hii kibao cha kulia peke yake ndo kinatoa chakula. Kesho unamchoma maji ya chumvi yasiyo na kitu, na kesho hiyo kibao cha kushoto ndo kinatoa. Kila mibonyezo 10 au 20 au zaidi, kutegemea maabara, punje moja inadondoka. Hakuna taa ya kumwelekeza wala kengele, kila kitu kizimbani kinafanana siku zote, tofauti pekee iko ndani ya mwili wake mwenyewe. Basi wiki zinapita, wengine mpaka miezi miwili mitatu, mwisho panya anaelewa mchezo: nikijisikia hivi nabonyeza huku, nikijisikia vile nabonyeza kule. Akishakuwa anapatia kwa asilimia 80 na zaidi siku kadhaa mfululizo, huyo kahitimu.

Sasa ndo unamletea dawa ngeni ambayo hajawahi kuionja. Kama mibonyezo yake asilimia 80 au zaidi inaenda kwenye kibao cha LSD, wanasema dawa hiyo imeshika nafasi ya LSD. Ikiwa chini ya 20, hakuna kitu. Katikati hapo pana ubishi, na kwa maoni yangu ndo pana utamu.

Wewe mtoto wa Tanga mfano huu utauelewa. Chukua mtu aliyelelewa na machungwa ya Muheza tu, mzibe macho, mwekee vikapu viwili, kimoja cha machungwa na kimoja cha "sio machungwa", alafu mpe tunda asilolijua aonje achague kikapu. Hakwambii tunda linaitwaje wala lina mbegu ngapi, anakwambia linafanana na lile analolijua au halifanani. Panya naye hivyo hivyo.

Na usidhani ni jambo la juzi. Mwaka 1951 mtafiti Conger alishaonyesha panya anaweza kutumia hali ya kulewa pombe kama ishara ya nini afanye, miaka ya 1960 Donald Overton akalifanyia kazi kwa kina na dawa nyingi, na mwaka 1971 Hirschhorn na Winter huko Marekani wakafundisha panya kutambua meskalini na LSD. Toka hapo LSD, meskalini na ile ya kutengenezwa inayoitwa DOM zikawa dawa za kufundishia katika maabara nyingi, na kilichowashangaza ni kwamba zinatambulikana zenyewe kwa zenyewe: panya aliyefundishwa kwa LSD akipewa meskalini au silosaibini, ile ya kwenye uyoga, anaenda kibao cha LSD bila kusita, wakati kimaumbile meskalini na LSD hazifanani kihivyo. LSD imetokana na kemikali za ukungu wa nafaka, Albert Hofmann aliitengeneza Basel mwaka 1938 na nguvu yake kwa binadamu akaigundua 1943, meskalini inatoka kwenye kakati wa Mexico. Ila panya anasema hawa ndugu.

*Mzee wangu salaam. Nipo Ngamiani barabara ya 12. Mimi siamini hayo mambo. Panya mjanja kuliko hao wazungu, anafuata chakula tu. Labda ananusa kibao alichobonyeza mwenzake, labda anamjua mchoma sindano kwa mkono wake, labda dawa inamchefua tu basi anajua leo naumwa nibonyeze huku.*

Wa alaykum salaam ndugu yangu, na nimefurahi maana maswali yako matatu yote walishayauliza wenyewe.

La kunusa ni kweli kabisa! Imeshaonekana kwamba panya anayeingia kizimbani baada ya mwenzake anaweza kupata harufu kwenye kibao alichokibonyeza yule wa kwanza, akafuata. Ndo maana wanafuta vibao, na nusu ya panya wanafundishwa LSD ni kulia na nusu nyingine LSD ni kushoto, ili harufu ya mwenzake imdanganye badala ya kumsaidia. La mchoma sindano, ndo kazi ya maji ya chumvi: siku zote anachomwa, sindano ileile, tumbo lilelile, na mpangilio wa siku unachanganywa asiweze kukariri leo-kesho-leo-kesho. Na kuhusu kufuata chakula, wanaangalia alichobonyeza KABLA punje ya kwanza haijadondoka, maana ikishadondoka hata mimi na wewe tutajua kibao kipi kinalipa. Siku ya mtihani wenyewe wengine hawatoi chakula kabisa kwa dakika chache, wengine wanatoa kwenye vibao vyote viwili, ili asifundishwe jibu.

La kuchefuka ndo gumu kidogo. Hapo wanampa dawa nyingine zinazomvuruga pia, amfetamini ya kuchangamsha kwa mfano, au kokeini, na panya waliofundishwa kwa DOM hawazihesabu kama DOM. Angekuwa anajibu "leo siko sawa" tu, zote zingeingia kikapu kimoja. Tena wanapima na kasi ya kubonyeza, dozi ikizidi panya anaacha kubonyeza kabisa, na hapo matokeo hayahesabiwi, panya aliyelala hana la kukushauri.

Ila ngoja nikwambie jambo lililonifanya mimi binafsi niache kubisha. Mwaka 1984 Richard Glennon na wenzake walichukua dawa kadhaa za aina hii wakaangalia kila moja inashika kwa nguvu kiasi gani kwenye kipokezi kimoja cha serotonini kwenye ubongo (serotonini ni kemikali ya kupeleka ujumbe, kipokezi ni kama kufuli inapoingia), wakalinganisha na dozi inayohitajika kwa panya kwenye vibao, na dozi inayojulikana kuleta maruweruwe kwa binadamu. Mpangilio ukaenda sambamba. Inayoshika sana inahitajika kidogo, kwa panya na kwa mtu. Na kabla ya hapo walishaona ukimtanguliza panya na ketanserini, dawa inayoziba kipokezi hicho, anarudi kibao cha maji ya chumvi kana kwamba hukumpa kitu. Alafu mwaka 1998 huko Zürich Vollenweider na wenzake wakawapa watu silosaibini wakiwa wametanguliziwa ketanserini, na maruweruwe yakazuilika. Yaani panya alisema mapema, binadamu kaja kuthibitisha miaka baadaye. Sasa ndugu yangu wa barabara ya 12, hapo kwa chakula tu utanielezaje?

*Mfamasia hujambo, ni mimi bibi wa Muheza mwenye duka la dawa. Kijana wangu anayesoma nje kaniambia kipimo hicho kinadanganya, eti kuna dawa ya wagonjwa wa kutetemeka ambayo panya anasema ni LSD na wala si LSD. Kweli?*

Sijambo bibie, na huyo kijana mlee vizuri. Kweli tupu. Dawa yenyewe ni lisuraidi, imetumika Ulaya kwa ugonjwa wa Parkinson na kuzuia kipandauso, umbo lake lina ujamaa wa karibu na LSD, na wagonjwa wanaoimeza hawapati safari ile ya LSD. Lakini mpe panya aliyefundishwa LSD na maji ya chumvi, anaenda moja kwa moja kibao cha LSD. Ukiishia hapo utaandika gazetini "lisuraidi ni LSD" na utakuwa umewasingizia wagonjwa.

Ila je panya kadanganya? Hapo mi na kijana wako tunaachana njia. Panya alikuwa na vikapu viwili tu. Umempa chenza mtu anayejua chungwa, ukamwambia chagua: chungwa, au sio chungwa kabisa. Atatia wapi? Atatia kwa machungwa, na amekujibu vizuri kulingana na swali bovu ulilomuuliza.

Walichofanya watafiti, na hili kwangu ndo zuri kuliko yote kwenye fani hii nzima, ni kubadilisha swali. Mwaka 1982 White na Appel wakafundisha panya kutofautisha LSD na lisuraidi zenyewe, na ikawezekana, tena ikaonekana upande wa LSD umeegemea serotonini na upande wa lisuraidi umeegemea dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni. Mwaka 1990 Callahan na Appel wakaongeza kibao cha tatu: kimoja LSD, kimoja lisuraidi, kimoja maji ya chumvi. Na panya wakaweza! Yule yule panya ambaye kwenye vibao viwili anasema sawa, kwenye vitatu anakwambia hapana hizi ni mbili tofauti. Fikiria ni muda kiasi gani wa kumfundisha mnyama michezo mitatu kwa hisia za ndani peke yake, mimi hata kumfundisha paka wangu asipande mezani imenishinda.

Na kuna kubwa zaidi. Mwaka 2005 huko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Marona-Lewicka na Nichols walifundisha panya wengine kwa LSD waliyochomwa dakika 30 kabla, na wengine dakika 90 kabla. Dawa ileile. Wale wa dakika 30 ishara yao ni ya serotonini kama tulivyozoea, wale wa dakika 90 ishara yao imehamia dopamini. Kwa hiyo hata ukisema "panya katambua LSD" bado nitakuuliza, LSD ya saa ngapi?

Watafiti wanaotumia wale panya vipande vidogo wana kipimo kingine cha haraka: ukimpa dawa hizi anatikisa kichwa chap chap kama kaingiwa na maji sikioni. Corne na Pickering walishaliandika mwaka 1967. Na mwaka 2007 González-Maeso na wenzake wakaonyesha panya aliyeondolewa kipokezi kile cha serotonini hatikisi, na lisuraidi haimtikisishi hata mwenye kipokezi. Kwa hiyo bibie ukiona mtafiti kafanya vipimo vyote viwili, vibao na kichwa, msikilize. Kafanya kimoja, mpe chai msubiri amalize.

*Babu vipi, sisi tuko kijiweni Makorora hapa tunabishana. Kwa nini wasiwaache tu panya wachague wenyewe dawa, atakayoipenda ndo kali? Alafu bangi, mirungi, unga, navyo vinapimika kwa vibao au ni LSD tu?*

Poa vijana. Hicho mnachosema kipo, mnyama anawekewa mrija na kibao, akibonyeza dawa inaingia kwenye mshipa. Kwa heroini na kokeini kinafanya kazi kupita kiasi, anabonyeza mpaka unamhurumia. Lakini LSD na wenzake wanyama kwa kawaida hawazitaki, hata nyani walivyojaribiwa hamu yao ilikuwa ya vipindi vipindi, haishiki. Ukitegemea kipimo hicho utasema LSD ni maji. Ndo maana vibao vya kutambua vikawa na kazi kubwa kwenye kundi hili, havitaki mnyama apende, vinataka atambue tu. Na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikipima dawa mpya kama inaweza kutumiwa vibaya inataka kuona vyote.

Na ndio, vingi vinapimika. Bangi inafundishika, na dawa inayoziba vipokezi vya bangi inafuta ishara yake. Mofini na heroini vilevile, naloksoni inaifuta, ile ile inayomwamsha mtu aliyezidisha unga. Nikotini pia, kahawa pia. Ila panya wa DOM ukimpa bangi anakwenda kibao cha maji ya chumvi. Kwahiyo yule aliyesema kijiweni "kulewa ni kulewa tu" kashindwa na panya, mnunulieni kahawa apoe.

*Assalaam alaykum. Ni mama wa watoto wanne, Mabawa. Hao panya wananyimwa chakula na kuchomwa sindano kila siku kwa ajili ya dawa za wahuni. Haliwaumi?*

Wa alaykum salaam mama yangu. Swali lako halina jibu jepesi na sitajifanya. Chakula hawanyimwi kabisa, wanapewa cha kuwaweka kwenye asilimia kama 80 au 85 ya uzito ambao wangekuwa nao wakila ovyo, na panya mmoja anaweza kufanya kazi hiyo kwa muda mrefu sana kwa sababu kumfundisha ni ghali, hivyo wanamtunza. Hapa kwetu kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na panya wa utafiti naye ana haki zake humo. Na kufundisha panya kwa malipo ya chakula si ugeni kwetu, wale panya buku wa Morogoro pale chuo cha kilimo SUA wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu wanafundishwa kwa ndizi na karanga, na mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa hapa hapa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Cambodia.

Tofauti ni kwamba Magawa hakuchomwa kitu, na hapo mama uko sahihi, si sawa. Mi msimamo wangu ni huu: siku hizi silosaibini inajaribiwa kwa wagonjwa wa sonona kwa ridhaa yao, na mtu anaongea, kwa hiyo jaribio la panya linalorudia tu kile ambacho mtu ameshasema kwa mdomo wake silioni maana yake. Lakini kemikali mpya mpya za mitaani, ambazo zinatoka kila leo na hakuna anayejua ni nini, huwezi kumpa mtu uone. Hapo nakubali panya aulizwe kwanza. Wengine mtanipinga, andikeni.

Na nyongeza kwa wanaopenda hesabu: msichukue dozi ya panya mkaipeleka kwa mtu. Panya wa gramu 300 kwenye jaribio la LSD anapewa mara nyingi miligramu 0.08 kwa kilo, yaani kama mikrogramu 24, wakati mtu mzima wa kilo 70 mikrogramu 100 inamvuruga masaa mengi. Piga mahesabu kwa kilo, panya kapewa zaidi ya mara 50. Kinachohamishika ni mpangilio wa ipi kali kuliko ipi, vipimo vyenyewe havihamishiki.

*Mfamasia, huku Pangani vijana wameanza kuchezea mnanaha, wanachemsha mbegu. Wanasema ni LSD ya shamba. Panya wanasemaje?*

Panya wanasema HAPANA, na hili nimeliweka mwisho ili mliopitiliza juu mlikute. Kwenye mnanaha mna skopolamini na atropini, ambazo haziendi kwenye kipokezi cha serotonini, zinaziba kitu kingine kabisa, na dawa za kundi hilo panya wa DOM hawazitambui kama DOM. Kwa mtu tofauti ni kubwa zaidi: wa LSD mara nyingi anajua kwamba anachokiona ni dawa, wa mnanaha hajui, anaongea na mtu asiyekuwepo, anavuta sigara isiyokuwepo, anatoka usiku kwenda baharini. Tena mbegu za mti mmoja na mwingine hazilingani nguvu, kwa hiyo aliyepona jana hana uhakika wa leo.

Mkimkuta kijana mboni za macho zimetanuka, kinywa kikavu, ngozi ya moto na nyekundu haina jasho, moyo unaenda mbio na maneno hayaeleweki, msimnyweshe maziwa wala kumtapisha wala kumfunga kamba. Mkalisheni penye baridi na giza kidogo, mtu mmoja akae naye, na mumpeleke hospitali ya wilaya muda huo huo, ikizidi uwezo wao watampeleka hospitali ya mkoa, Bombo. Chukueni na mbegu zilizobaki au jani lake mmwonyeshe daktari, kwa sababu akijua ni mnanaha ipo dawa ya kuigeuza, asipojua atadhani ni malaria ya kichwa na muda utapotea.